Emile Wangermée: mutu aliyechora barabara zetu, na mupaka wetu

Kila asubuhi maelfu ya watu wanatoka Kamalondo, Kenya, Katuba na Ruashi, wanaenda mu ville. Wengine kwa miguu, wengine kwa kinga, wengine wamebanana mu bisi. Wakisha kuvuka upande ule mwingine, kila kitu kinabadilika. Barabara zinakuwa pana na zinanyooka sawa kamba. Miti ya jacaranda inasimama pembeni, na mwezi wa kumi inamwaga maua yake chini. Hewa inapita. Nyuma yao wameacha kartiye kwenye nyumba zinabanana, na kwenye watoto wanachezaka mupira katikati ya njia juu hakuna pahali pengine.

Wengi wetu tunafikiri ni bahati tu, ao kwamba muji ulikomea wenyewe namna hii. Hapana, ndugu musomaji. Lubumbashi Wantanshi ulichorwa, na mutu aliyeuchora iko na jina: Emile Wangermée. Leo tutaelezana maisha yake, mazuri na mabaya pamoja, juu tungali tunaishi ndani ya kazi yake.

Mutoto wa wakati wa kolera

Wangermée alizaliwa mwaka 1855 huko Tirlemont, muji mudogo wa Ubelgiji. Wakati wa utoto wake, miji ya Bulaya haikukuwa safi hata kidogo. Mwaka 1866 kolera iliua maelfu na maelfu ya watu mu Ubelgiji. Kisha pigo lile, mukubwa wa muji wa Brussels, Jules Anspach, akaamuru kufunika muto Senne, ambao ulikuwa umegeuka mufereji wa uchafu. Juu yake wakapasua barabara pana. Huko Paris, Haussmann alikuwa amekwisha kubomoa kartiye nzima kwa kufungua njia. Wakubwa wa siku zile walikamata wazo moja: muji wenye hewa, jua, barabara pana na mifereji inayotembeza maji, njo muji wenye afya. Masikini waliokuwa wanakaa mu nyumba zilizobomolewa, wale walijitafutia.

Ni ndani ya mawazo haya kijana Wangermée alikomea. Akaingia jeshi, upande wa askari wa ujenzi, wale wanaojengaka ngome, madaraja na barabara. Mutu wa kamba na kipimo.

Njo kazi hiyo ilimuleta Kongo. Karibu na Boma, alisimamia kujenga ngome ya Shinkakasa, yenye mizinga ya kuchunga mulango wa muto Kongo. Mikono iliyobeba mawe ilikuwa ya Wakongomani. Akapanda cheo mupaka kuwa naibu wa gavana mukuu wa Leta ya Léopold II. Tusifiche: ilikuwa Leta ya kaucho na fimbo, na Wangermée alikuwa mumoja wa wakubwa wake. Mutu anayekuja kutuchorea barabara alitoka ndani ya kazi ile.

Baadaye akatumwa Katanga kusimamia Comité Spécial du Katanga, ile CSK iliyoundwa mwaka 1900 kwa kugawa udongo na mali ya chini ya udongo. Alitembea sana mu inchi, na mwaka 1909 akatosha kitabu juu ya safari zake, Grands lacs africains et Katanga.

Mwaka 1910: kamba mu pori

Mwaka 1908 Kongo ilitoka mikononi ya mufalme, ikakuwa koloni ya Ubelgiji. Mu Katanga mambo yalikuwa yanaharakisha. Union Minière ilikuwa imeundwa tangu 1906. Njia ya reli ilikuwa inapanda toka Rhodesia, na pamoja nayo Waingereza wachuuzi na watafuta mali. Wabelgiji waliogopa: kama hawaweke muji wao hapa mbio, shaba itakuwa yao kwa karatasi tu, na inchi itakuwa ya wengine. Mwaka 1910 wakamupa Wangermée kiti cha naibu wa gavana mukuu kwa Katanga. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusimamisha muji mukubwa.

Pahali palichaguliwa juu ya kilima, karibu metre 1 200 juu ya bahari, kwenye kuna baridi kidogo. Upande mumoja kulikuwa mugodi wa Etoile, upande mwingine muto Lubumbashi, ambao kiwanda cha kuyeyusha shaba kilikuwa kinauhitaji. Pori lile halikukuwa bila wenyewe. Lilikuwa inchi ya Walamba wa mufalme Kaponda. Waliona miti yao inaanguka na ardhi inapita mu mikono ya Leta na ya kampuni.

Mwisho wa mwezi wa kenda 1910 treni ya kwanza ikafika. Muji ukapewa jina la malkia wa Ubelgiji: Elisabethville.

Siku zile, aliyeshuka mu treni hakuona muji. Aliona hema, vibanda vya udongo na mabati, mavumbi na visiki. Lakini kama alichunguza muzuri, aliona kitu kingine: mistari mirefu iliyokatwa ndani ya pori, inayonyooka na kukutana kwa pembe sawasawa. Wangermée alikuwa amepima barabara mbele nyumba hazijasimama. Mufano aliukamata kwa majirani wa kusini, mu miji sawa Bulawayo, iliyopangwa kwa miraba kama kitambaa cha shule.

Mupango ule ulikuwa na akili yake. Barabara pana inaacha upepo upite na jua likaushe majimaji. Inaacha nafasi ya mufereji pembeni, ili mvua isilale mbele ya mulango na kuzaa mbu. Parseli kubwa inaacha nafasi ya bustani na ya muti wa kivuli. Na kiwanja kikichungwa wazi tangu mwanzo, Leta inaweza kujenga shule ao posta kesho bila kufukuza mutu. Kiwanda kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, upande wa muto. Upepo wetu wa kila siku unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi mwingi ulienda kaskazini-magharibi na kuua miti huko, na katikati ya muji ikapona zaidi. Kambi ya watumikaji yenyewe iliwekwa pembeni ya kiwanda.

Mupaka

Sasa tuulize: afya hii yote ilikuwa ya nani?

Mwaka 1897 munganga Mwingereza Ronald Ross alionyesha kwamba malaria inapitia kwa mbu. Habari hii ingeweza kusaidia watu wote: kausha majimaji, weka chandarua, gawa kinini. Lakini mu makoloni wakubwa wengi walisoma somo lingine. Walisema kwamba mutoto mweusi anabeba malaria mu damu yake, mbu anamuuma, kisha anaenda kumuuma muzungu. Basi dawa ni kuweka muzungu mbali, zaidi ya pahali mbu anaweza kuruka. Mwaka 1904, kule Freetown mu Sierra Leone, Waingereza walijengea wazungu kartiye yao peke juu ya mulima kwa sababu hiyo.

Elisabethville ukafuata njia ile ile. Tangu mupango wa kwanza wa Wangermée, watu weusi waliwekwa pembeni, inje ya miraba ile mizuri. Muji wa wazungu ulipopanuka, wakubwa wakaona weusi wangali karibu sana. Karibu mwaka 1921 wakawahamisha mbali zaidi, wakaanzisha site ya Albert, ile tunaitaka leo Kamalondo. Katikati wakaacha udongo mutupu: zone neutre. Wangermée hakukuwa tena kwenye kiti, lakini waliomufuata walirefusha tu mustari ambao yeye alikuwa ameanza.

Angalia vile jambo hili linashangaza. Pahali pakubwa pa wazi mu muji wetu palitengenezwa kwa jina la afya, na kazi yake ilikuwa kuzuia watu kukutana. Hakukuwa kiti, hakukuwa muti wa kivuli, hakukuwa uwanja wa watoto. Palikuwa na utupu, na usiku mutu mweusi aliyepatikana upande wa wazungu bila karatasi alikuwa na shida.

Na hata kwa mambo ya mbu, mupango haukukamilika. Wazungu walitaka boyi apike chai asubuhi sana, kwa hiyo walimujengea kibanda nyuma ya nyumba yao, mu parseli ile ile. Usiku mbu alikuwa na kila mutu karibu. Mwaka 1965 wale waliotumika mu nyumba za wazungu waliandika wenyewe historia ya muji mu Swahili yetu, chini ya jina la André Yav. Wao walijua sana namna mupaka ule ulikuwa na matundu.

Wakati ule mu kambi za watumikaji watu walikuwa wanakufa. Si mbu peke yake. Walikuwa wanalala wengi mu nyumba ndogo na baridi ya mwezi wa sita, wanakula vibaya, wanakunywa maji machafu. Ugonjwa wa mapafu na wa kuhara ulibeba vijana wenye nguvu waliotoka mbali. Ni kuelekea mwaka 1930 tu Union Minière ilianza kujenga nyumba bora, kupima watoto na kuweka hospitali zenye nguvu, juu iliona ni faida mutumikaji akae miaka mingi na bibi na watoto wake. Hiyo inatuonyesha kwamba dawa ilikuwa inajulikana: nafasi, maji, chakula, munganga. Ilikosa nia tu.

Kifo, na kile kilichobakia

Wangermée hakuongoza Katanga muda murefu. Alirudia Bulaya, akafa mwaka 1924. Hakuona muji ukijaa mupaka Kenya, Katuba na Ruashi. Hakuona uhuru wa 1960, wala mwaka 1966 jina la malkia likiondolewa na jina la muto likirudi.

Mupaka wake ulikufa polepole. Hospitali iliyojengewa weusi, kati ya ville na site, leo inabeba jina la Jason Sendwe, mutoto wa Katanga aliyekuwa mwenyewe mutumishi wa afya mbele ya kuwa mwanasiasa. Udongo wa zone neutre ulikamatwa kipande kwa kipande. Leo mutu anapita pale bila karatasi, bila hata kujua kwamba anavuka kitu.

Lakini sheria ikikufa, udongo unakumbukaka. Mu ville, miraba ya 1910 ingali inatupatia hewa na kivuli. Mu site, watu walipewa parseli ndogo na njia nyembamba, na hakuna aliyekuja kisha uhuru kuwapimia upana ule. Wenyeji walijitengenezea. Mwaka 1939 mapadri wa Benedictine wa Institut Saint-Boniface walianzisha timu ya mupira kwa vijana wao, Saint-Georges. Njo hiyo imekuwa Tout Puissant Mazembe. Kipande cha udongo, mupira na goli mbili: mbele ya mupango wowote wa wakubwa, pale njo vijana wetu walipata pumzi.

Sasa tuko tunafanya nini na uriti huu? Tunajionea wenyewe. Pembeni ya barabara pana mutu anasimamisha kibanda, kesho kinakuwa cha tofali, kesho kutwa kuko na karatasi. Uwanja wa kartiye unakatwa parseli usiku, asubuhi watoto wanakuta musingi. Jacaranda inakatwa, hakuna anayepanda ingine. Mifereji inajaa sacheti, na mvua ikinyesha kolera inarudia kwetu, ugonjwa ule ule uliofundisha Bulaya kupanua barabara.

Wangermée alifanya kosa kubwa: alichora muji wenye afya, kisha akachagua nani ataingia. Yule anayeuza leo uwanja wa watoto anafanya kosa lile lile, na hana hata kisingizio cha mbu. Kile kilichokuwa kizuri mu kazi ya muzungu yule, yaani kuchunga nafasi ya watu wote mbele nyumba hazijasimama, tungeweza kukifanya sasa hivi kule muji unakomea, pande za komini Annexe, kwenye kamba zinapimwa kila juma. Mbele ya kugawa parseli, tuache kwanza barabara yenye upana, kiwanja cha mupira, kisima, na mustari wa miti.

Na kama mupima anakuja mu kartiye yenu na kamba yake, ndugu musomaji, muulize swali hili moja: pahali pa watoto kuchezea ni wapi? Akionyesha na kidole, mwambie aweke vigingi vya pale kwanza.