Heinz: Muuza mboga aliyejenga jina kwa chupa inayoonyesha kilichomo

WAFANYABIASHARA wengi wadogo hukwepa bidhaa inayohitajiwa na watu wachache, wakidhani haina soko. Henry John Heinz, mtoto wa mfyatua matofali, alianza na bidhaa ya namna hiyo. Alipofariki dunia Mei 14, 1919, akiwa na umri wa miaka 74, aliacha kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 6,000, na jina lake bado lipo kwenye chupa za sosi ya nyanya katika nchi nyingi.

Heinz alizaliwa Oktoba 11, 1844 Pittsburgh, Marekani, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Ujerumani. Akiwa na umri wa miaka minane alikuwa akiwauzia majirani wa Sharpsburg mboga zilizobaki katika bustani ya mama yake. Alianza na kikapu mkononi, akaja kupata mkokoteni wa kusukuma, kisha gari la farasi la kupelekea mboga madukani.

Chupa isiyoficha kitu

Bidhaa iliyomfungulia njia ni mzizi mmoja mkali, ambao husagwa na kutiwa siki ili uliwe pamoja na nyama, ukiwasha pua kama haradali. Akina mama hawakupenda kuuparuza nyumbani kwa sababu uliwatoa machozi na kuwachubua vidole. Walikuwepo waliouuza ukiwa umekwisha kusagwa, lakini waliufungasha katika chupa za kijani au kahawia, na baadhi yao walichanganya humo mizizi mingine ya bei rahisi.

Heinz akatumia chupa nyeupe inayoonyesha kilichomo. Mteja aliweza kuona mwenyewe anachonunua kabla ya kutoa fedha. Gharama ya chupa ndiyo iliyokuwa gharama ya tangazo. Mwaka 1869 aliingia ubia na L. Clarence Noble, wakaanzisha kampuni.

Mkataba uliowafilisi

Biashara ilipokua waliongeza siki, achari ya matango na kabichi ya chumvi. Mwaka 1873 uchumi wa Marekani uliyumba, mabenki kadhaa yakafunga milango na mikopo ikawa adimu. Kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kuwekeana mikataba na wakulima wa jimbo la Illinois kununua matango yao yote kwa senti 60 za dola kwa busheli, kipimo kinachokaribia madebe mawili.

Mwaka 1875 matango yalizaa kupita kiasi. Bei ya soko ilishuka, lakini mkataba uliwataka wapokee kila kilichovunwa kwa bei ileile. Fedha ziliwaishia na mwaka huohuo wakatangazwa kuwa wamefilisika.

Sifa ya bidhaa haikuwa imepungua hata kidogo. Kilichoiangusha kampuni ni kuahidi kununua mazao bila kuweka kikomo cha kiasi, huku ikitegemea fedha za mkopo. Matangazo mazuri hayawezi kuziba pengo la namna hiyo.

Mwaka 1876 ndugu yake John na binamu yake Frederick walifungua kampuni mpya kwa majina yao, na Heinz akawa msimamizi wake. Mwaka huo ndipo sosi ya nyanya ilipoingia katika orodha ya bidhaa. Ingawa sheria ilikuwa imemwondolea madeni ya zamani, Heinz aliwaandika waliomdai katika daftari na akawalipa sehemu yake kidogo kidogo. Kwa mtu aliyehitaji kurudi kwa wakulima na wenye maduka walewale, ulipaji huo ulirudisha imani ambayo hakuna tangazo lingeweza kuinunua. Mwaka 1888 kampuni ilichukua jina lake.

Kuonjesha, zawadi na namba

Mwaka 1886 alikwenda London akiwa na bidhaa saba ndani ya mkoba. Aliingia Fortnum & Mason, duka la vyakula la matajiri, akamwonjesha mnunuzi wa duka, na zote saba zikachukuliwa.

Katika maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893, banda lake lilipangwa ghorofani na wageni waliona uvivu kupanda ngazi. Heinz alichapisha vikadi vinavyoahidi zawadi ya bure kwa atakayefika bandani, vikasambazwa uwanjani. Zawadi yenyewe ilikuwa beji ndogo yenye umbo la tango. Watu walifurika hadi sakafu ikabidi iimarishwe. Waliovaa beji hizo waliitembeza nembo yake mitaani bila malipo.

Mwaka 1896, akiwa ndani ya treni jijini New York, aliona tangazo la viatu lililotaja kuwa ipo mitindo 21. Akaamua naye atumie namba. Wakati huo bidhaa zake zilikwisha kupita 60, lakini alichagua 57 kwa sababu aliona inakaa vizuri masikioni. Hakuibadilisha hata bidhaa zilipozidi kuongezeka.

Mwaka 1900 alisimamisha New York bango la umeme lenye taa zipatazo 1,200. Liliwashangaza wengi, lakini halikukaa muda mrefu kwa sababu jengo jipya lilijengwa mahali hapo. Gati lake katika mji wa mapumziko wa Atlantic City, ambako wageni walipumzika na kuonja bidhaa bure, lilidumu hadi lilipobomolewa na kimbunga mwaka 1944.

Sheria ya mwaka 1906

Viwanda vingi vya wakati ule vilitia dawa ndani ya sosi ya nyanya ili isioze, na vingine vilitumia masalia ya nyanya. Heinz alikuwa amefungua kiwanda chake kwa wageni, nao walipita kwa maelfu kila mwaka kuona usafi. Serikali ilipotaka kudhibiti vyakula, wenzake wengi walipinga. Yeye aliunga mkono, na sheria ikapitishwa Juni 1906.

Kampuni yake iligundua kuwa nyanya zilizoiva vizuri, zikiongezewa siki na sukari, hudumu bila dawa. Sosi hiyo iliuzwa kwa bei ya juu kuliko nyingine, lakini wateja waliifuata. Ili kupata malighafi ya kiwango hicho, iliwapa wakulima mbegu, ikaingia nao mikataba kabla ya kupanda, na kujenga vituo vya kupokelea matango karibu na mashamba.

Ukiitazama safari hiyo ya miaka 50, mbinu za kumfikia mteja zilibadilika kila zama: chupa, mkoba wa kuonjesha, beji, namba, bango na ziara za kiwandani. Zilizodumu ni zile zilizompa mteja nafasi ya kuona au kuonja mwenyewe.

Mkulima wa nyanya anayeuza kwa tenga, au mama anayesindika achari nyumbani, hana uwezo wa kujenga gati. Anao uwezo wa kufungasha katika chupa safi inayoonyesha kilichomo, kutochanganya, na kuonjesha wateja wake sokoni. Akiingia mkataba wa kununua au kuuza mazao, aandike humo kiasi na bei, kwa kuwa hapo ndipo Heinz alipoanguka mwaka 1875.