Daktari wa Jicho Moja

Wanachama wenzangu, wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Leo nawaletea habari za mtu aliyegaagaa kweli kweli, marehemu Daktari Denis Burkitt.

Bwana huyu alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Alipokuwa na miaka 11 alipoteza jicho moja kwa ajali. Je, alikata tamaa? Wapi! Alisomea udaktari, akawa mpasuaji, na mwaka 1946 akaingia kazini Uganda.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Baadaye akakuta mwingine Jinja, uvimbe ule ule. Basi hakulala. Aliziandikia hospitali nyingi barua za kuuliza, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakajipakia kwenye gari kuukuu mpaka Afrika Kusini, mwendo wa maili 10,000 hivi. Kumbe ile saratani ilipenda nchi za joto, mvua na mbu, kama pwani yetu hii. Milimani kwenye baridi ilikuwa adimu.

Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wakaona kirusi ndani ya seli zake. Mwaka 1966, huko Marekani, Werner na Gertrude Henle walizitia seli hizo kingamwili zenye rangi ing'aayo. Chini ya darubini, seli zenye kirusi zikawaka kama vimulimuli! Siku hizi wataalamu hubuni vipande vifupi vya protini vyenye rangi ya namna hiyo, vikaisake saratani na kuing'ang'ania ili ionekane.

Burkitt mwenyewe aliwatibu watoto kwa dawa, na baadhi yao wakapona kabisa. Alifariki mwaka 1993.

Sasa sisi wa Tezo tunajifunza nini? Malaria ya mara kwa mara hudhoofisha kinga ya mtoto, kirusi kikapata mwanya. Uvimbe huo hukua mbio, lakini ukiwahiwa hutibika. Kwa hiyo ndugu yako mdogo akivimba taya, usiseme ni jino tu wala karogwa. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Na usiku, jamani, chandarua kishushwe!