Jan Smuts: Jenerali wa Taveta aliyeota ulinzi wa pamoja kabla ya NATO

Ukitoka Voi na matatu ya Taveta, ukishapita Maktau kuna kilima kidogo kinaitwa Salaita. Wengi hukipita wakiwa na macho kwa simu. Lakini hapo ndipo jeshi la Jan Smuts lilipewa somo.

Smuts alizaliwa 1870 kwa familia ya wakulima Makaburu, Afrika Kusini. Akasomea sheria Cambridge. Vita vya Makaburu vilipozuka 1899, akaingia porini kupigana na Waingereza hao hao waliomsomesha. Walishindwa 1902. Miaka 14 baadaye, Mwingereza akamkabidhi jeshi lake lote la Afrika Mashariki. Adui wa jana akawa kamanda.

Wajerumani, chini ya Lettow-Vorbeck, walikuwa wameteka Taveta tangu Agosti 1914, wakitishia reli ya Mombasa. Waingereza nao wakaanza kujenga reli kutoka Voi kuwafuata. Tarehe 12 Februari 1916, siku chache kabla Smuts kushuka Mombasa, Waafrika Kusini weupe walijitosa Salaita wakapigwa vibaya. Wengi wao walikuwa wakiwadharau Wahindi. Kumbe ni kikosi cha Wabaluchi kutoka India kilichowakinga wakirudi nyuma!

Smuts hakurudia kosa hilo. Machi akazungukia upande wa Kilimanjaro, Wajerumani wakahama Salaita na Taveta bila kupenda, kisha wakapigania vilima vya Latema na Reata.

Mwaka wa 1917 akaenda London, akaingia baraza la vita. Mwaka uliofuata akaandika mpango wa Shirikisho la Mataifa: anayemvamia mmoja ajibiwe na wote. Wazo tamu, lakini halikuwa na jeshi. Italia ilipoivamia Ethiopia 1935, wenzake waliishia kuweka vikwazo nusunusu. Ethiopia ikaachwa peke yake, ilhali ilikuwa mwanachama kamili.

Smuts hakukata tamaa. Mwaka wa 1943, vita vikiwa bado moto, aliwashauri Waingereza wajifunge na nchi ndogo za Ulaya Magharibi. 1949 NATO ikazaliwa na nchi 12: ukimgusa mmoja, umewagusa wote. Alifariki mwaka uliofuata. Leo Ulaya inarudi kwa wazo hilo mbio. Urusi ilipoivamia Ukraine 2022, Finland na Sweden, zilizokaa kando miaka mingi, zikaomba kujiunga, na zote sasa ziko ndani.

Sasa swali gumu: "wote" ni akina nani? Smuts alichangia kuandika utangulizi wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa 1945, unaozungumzia haki za binadamu, huku kwao Waafrika wengi hawana kura. Na jeshi lake la 1916 lilibebwa mgongoni na wapagazi wetu. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa njaa na magonjwa, si risasi. Makaburi ya kijeshi ya Voi na Taveta yana majina ya wanajeshi yaliyochongwa vizuri. Wapagazi wengi hawana hata kaburi linalojulikana. Walichoachiwa ni jina la Kariokor, Nairobi, lililotokana na kikosi chao.

Kwa hivyo ukisikia viongozi wakiahidi kulindana, iwe Ulaya au hapa kwetu, uliza mapema: nani yuko kwenye orodha, na nani amebeba mzigo tu?