Kizito, Kijana Aliyengoja Ubatizo



Kila mwaka majina ya watakaobatizwa Pasaka yanaposomwa kanisani, wapo wanaofurahi, na wapo wanaorudi nyumbani kimya kwa sababu majina yao hayakusikika. Mwaka huu kijana mmoja wa hapa Kilibula, mwanafunzi wa darasa la sita, alinijia baada ya mafundisho akiwa na uchungu moyoni. Alikuwa ameitazama picha ya Mashahidi wa Uganda, akaniuliza kwa nini Kizito alibatizwa katika usiku mmoja tu, tena na mtu asiye padri, hali yeye anaingia mwaka wake wa tatu na bado anaambiwa angoje. Swali lake halikuwa la kijinga. Nami naona si haki kumjibu yeye peke yake, maana najua wengi wenu mnalo swali hilo hilo; wengine mnalisema, wengine mnaacha tu kuja mafundishoni. Basi sikilizeni habari za Kizito tangu mwanzo, wala msiuangalie ule usiku wa mwisho peke yake.

Kizito alizaliwa yapata mwaka 1872 katika nchi ya Bulemezi, ndani ya ufalme wa Buganda. Baba yake aliitwa Lukomera. Zamani zile ilikuwa desturi ya Waganda wenye cheo kupeleka vijana wao katika jumba la mfalme wawe watumishi wake, wangoje mlangoni, watumwe huku na huko, wajifunze adabu za baraza, na baadaye wapate ukubwa. Kizito naye alipelekwa huko angali mdogo. Machoni pa wazazi wake lilikuwa jambo la heshima kubwa. Hawakujua kwamba humo ndimo mtoto wao atakamokutana na Kristo.

Yafaa mjue ya kuwa waliopeleka Injili Buganda si wageni kwetu. Mwaka 1878 Mapadri Weupe walitoka Bagamoyo katika msafara mmoja. Walipofika Tabora wakagawanyika. Wengine wakalishika njia ya ziwa letu la Tanganyika, wakafika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Hao ndio waliovuka baadaye ng'ambo hii, wakajenga misioni Masanze mwaka 1880, na Kibanga mwaka 1883, kusini mwa Uvira. Wengine wakaelekea ziwa Nyanza. Kati yao Padri Simeoni Lourdel na Bruda Amans walitangulia kufika Buganda, mwezi wa Februari 1879. Waganda wakamwita Lourdel jina la Mapera. Hivyo mafundisho aliyoyasikia Kizito, na yale waliyoyasikia watu wa mwanzo katika pwani yetu, yalitoka katika msafara ule ule.

Tena wote walipewa sheria moja na mkubwa wao, Kardinali Lavigerie: mtu asibatizwe kabla ya kujaribiwa miaka minne. Watu wengi waliona sheria hiyo ni ngumu mno, hata baadhi ya wamisionari wenyewe. Lakini Kardinali aliogopa Wakristo wa haraka, wanaopokea maji leo na kuyarudia ya zamani kesho.

Mwishoni mwa mwaka 1882 Mapadri walilazimika kuondoka Buganda, wakakaa mbali, kusini mwa Nyanza, hata mwaka 1885. Mtu angedhani imani changa itakufa. Haikufa. Wakristo wachache waliobaki walifundishana wao kwa wao, bila padri, bila Misa. Katika jumba la mfalme aliyewaongoza vijana alikuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtu mwenye kuaminiwa na mfalme. Mapadri waliporudi mwezi wa Julai 1885, waliwakuta wanaosali wameongezeka kuliko walivyowaacha. Mimi niliye mkatekista nikisoma habari hizo naona aibu kidogo, maana mara nyingi tunangoja Padri aje ndipo tukusanyike.

Wakati huo mfalme Mutesa alikuwa amekwisha kufa, mwaka 1884, na mwanawe Mwanga ameketi katika kiti chake. Mwanga alikuwa kijana, mwepesi wa hasira na wa hofu. Tena alitaka watumishi wake wamtii hata katika matendo machafu yanayoharibu usafi wa mwili. Yosefu Mukasa aliwakinga vijana, akiwaondoa machoni pa mfalme saa za hatari. Mwezi wa Oktoba 1885 Mwanga akaamuru auawe Askofu Hannington, mmoja wa Waprotestanti, aliyekuwa njiani kuja Buganda. Yosefu akathubutu kumwonya mfalme kwa kumwaga damu ya mtu asiye na kosa. Basi tarehe 15 Novemba 1885 Yosefu aliuawa.

Usiku wa habari hiyo wakatekumeni wengi walikimbilia kwa Mapadri kuomba ubatizo, kwa kuwa kila mmoja aliona kesho yaweza kuwa zamu yake. Wengi wakabatizwa. Mmoja wao alikuwa Karoli Lwanga, ambaye tangu siku ile alichukua kazi ya Yosefu ya kuwalinda na kuwafundisha vijana wa barazani.

Kizito hakubatizwa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi, na mafundisho yake yalikuwa bado. Wanaomkumbuka husema alikuwa mtoto mchangamfu, mwenye kupenda kucheka. Tena hakuchoka kumwomba Mapera ampe ubatizo. Aliomba, akaambiwa angoje. Akaomba tena, akaambiwa angoje. Msidhani Padri hakuiona hatari. Aliiona kuliko mtoto mwenyewe. Lakini aliona pia ya kuwa Kizito anayo kazi ya kufanya kwanza, kazi ile ile mliyo nayo ninyi: kujifunza sala, kuijua Imani, kumtii Mungu palipo na vishawishi. Kwa Kizito kishawishi hakikuwa mbali. Mfalme alimtaka kwa mabaya, naye alikataa, na Karoli Lwanga akawa anamficha. Mkatekumeni huyu asiye na jina la ubatizo alikuwa amekwisha kuishi kama mbatizwa kabla maji hayajamgusa. Mimi nadhani Mapera hakukosea kumngojesha, ingawa najua wapo watakaosema alikuwa mkali.

Tarehe 25 Mei 1886 mfalme alikuwa Munyonyo, kando ya ziwa. Alirudi kutoka kuwinda akiwa na hasira, akaita watumishi wake, asiwaone. Akaambiwa kwamba kijana Denis Ssebuggwawo alikuwa akimfundisha dini mwana wa waziri mkuu. Mwanga akamchoma Denis kwa mkuki. Kesho yake Denis akauawa. Jioni ile milango ya jumba ikafungwa, na kila mtu akajua kwamba asubuhi kutakuwa na hukumu.

Karoli Lwanga akawakusanya vijana wake, wakakesha wakisali. Alitazama kati yao akaona wanne ambao hawajabatizwa: Kizito, Mbaga Tuzinde, Gyavira na Mugagga. Padri hakuweza kufika. Hapo ndipo Lwanga alipotwaa maji, akawabatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Mmefundishwa kwamba kwa kawaida wenye kubatiza ni wahudumu wa Kanisa waliowekwa kwa kazi hiyo, lakini katika hatari ya kufa mtu ye yote aweza kubatiza, akitumia maji na maneno ya Kanisa, na kukusudia analokusudia Kanisa. Lwanga hakuvunja sheria, aliitimiza. Wala hakubatiza watu asiowajua. Vijana hao alikuwa amewafundisha mwenyewe.

Kulipokucha mfalme aliketi barazani na wauaji wake wenye kamba. Akaamuru wote wanaosali wajitenge, wasimame upande mmoja karibu na ua wa matete. Karoli Lwanga akatangulia. Kizito akafuata, amemshika mkono. Nawaomba mtulie hapa kidogo, kwa sababu picha zetu zimetuzoeza kuwaza mtoto asiyeogopa kitu. Kizito aliona hofu. Rafiki zake walieleza baadaye kwamba vijana walikuwa wamepatana kushikana mikono, ili mmoja akitetemeka mwenzake amtie nguvu. Mtoto wa miaka kumi na minne alijua kwamba miguu yake yaweza kumsaliti, akatafuta mkono wa kushika.

Mapera alikuwa amekuja Munyonyo kuomba huruma ya mfalme, asiruhusiwe kumwona. Akiwa amesimama nje aliwaona wakipitishwa mbele yake, wakubwa wamefungwa pamoja, na wadogo pamoja. Yakobo Buzabaliawo akainua mikono yake iliyofungwa kuelekea mbinguni. Na Kizito alikuwa akicheka, kana kwamba anakwenda mchezoni. Padri aliyemngojesha muda mrefu hakuweza hata kusema naye.

Walipokuwa wanaondolewa, alitolewa gerezani kijana mmoja, Mukasa Kiriwawanvu. Alikuwa amefungwa kwa ajili ya ugomvi na Gyavira, yule aliyebatizwa usiku uliopita. Mukasa alikuwa mkatekumeni tu. Alipoulizwa kama yeye naye ni wa dini hiyo, alikiri, akaunganishwa na wenzake. Naye na Gyavira wakapatana wakiwa katika kamba. Hakuna aliyepata nafasi ya kumbatiza kwa maji. Kanisa linafundisha kwamba anayekufa kwa ajili ya Kristo hubatizwa katika damu yake. Ikiwa yupo kati yenu anayefikiri kwamba mkatekumeni ni mtu wa nje tu, akumbuke jina la Mukasa Kiriwawanvu, maana leo tunamwita Mtakatifu.

Wakaenda kwa miguu mpaka Namugongo, na njiani wengine wakauawa. Huko walikaa karibu juma zima wamefungwa, wakati kuni zinakusanywa. Walisali pamoja asubuhi na jioni. Siku ya Alhamisi, tarehe 3 Juni 1886, sikukuu ya Kupaa Bwana, walitolewa. Karoli Lwanga alitengwa na kuchomwa peke yake, polepole. Mbaga Tuzinde alikuwa wa jamaa ya mkuu wa wauaji, ambaye alimsihi sana akane au akubali kufichwa. Alipokataa akapigwa rungu kwanza, asisikie moto. Wengine wakafungwa katika mikeka ya matete, wakalazwa juu ya kuni, Wakatoliki pamoja na Waprotestanti. Kizito alikuwa kati yao. Hesabuni wenyewe: tangu alfajiri ya 26 Mei hata siku ile, Kizito aliishi siku nane akiwa mbatizwa. Sehemu kubwa ya maisha yake ya imani aliishi akiwa kama ninyi, mkatekumeni.

Mapera mwenyewe alifariki Buganda mwaka 1890. Mwaka 1920 Papa Benedikto wa Kumi na Tano aliwatangaza Mashahidi ishirini na wawili kuwa Wenye Heri, na tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita akawatangaza Watakatifu. Hapa kwetu Kongo watoto wa Kanisa wana chama chenye jina lake pamoja na la Mwenye Heri Anuarite, na sikukuu ya Mashahidi wote huadhimishwa tarehe 3 Juni.

Habari hizi hazikuja kwetu kwa uvumi. Kwenye kuni za Namugongo waliletwa pia vijana watatu, Denis Kamyuka, Simeoni Ssebutta na Karoli Werabe. Nao walikuwa tayari kufa, lakini wauaji wakawaweka kando, wakawaacha hai. Kamyuka alikuwa rafiki wa Kizito. Aliishi miaka mingi baadaye, na Kanisa lilipouliza mashahidi, alieleza aliyoyaona: ule usiku wa sala, njia ya Namugongo, na jinsi rafiki yake alivyokwenda ameshikwa mkono.