MAISHA YA MAREHEMU BWANA PAUL BOMANI

Muhula huu naomba nafasi katika gazeti letu la shule niwasimulie habari za marehemu Bwana Paul Bomani. Sisi wanafunzi hatukumwona, kwa maana alifariki mwaka 2005, kabla hatujazaliwa. Hata hivyo jamaa yetu tuna deni kwake, nami nitalieleza.

Babu yangu alizaliwa Geita. Alipokuwa mtoto, alifuatana na baba yake kupeleka pamba kwa mnunuzi, nao walitoka nyumbani alfajiri na magunia kichwani. Karani aliweka mzigo juu ya mizani, akataja ratili, akalipa. Baba wa babu hakujua kusoma. Wakati wa kurudi aliona kwamba fedha ile haikulingana na jasho lake, lakini hakuwa na la kusema, kwa sababu mizani ilikuwa ya mnunuzi na daftari lilikuwa la mnunuzi. Malalamiko ya namna hiyo yalisikika kote Usukuma.

Bwana Bomani alizaliwa Musoma mwaka 1925. Baba yake alikuwa mchungaji wa Waadventista Wasabato. Alisoma Ikizu, na mwaka 1945 akapata kazi ya hesabu katika mgodi wa almasi wa Williamson huku kwetu Mwadui. Kwa kijana wa siku zile ilikuwa kazi ya heshima. Lakini mwaka 1947 aliiacha, akaenda Mwanza kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanya biashara Waafrika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa mmoja wa walioanzisha chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, akazunguka vijijini kuwaeleza watu shabaha yake. Dawa ya kwanza ya wakulima ilikuwa rahisi: waliweka wapimaji wao wenyewe, watu wanaojua kusoma mizani, ili uzito wa kila mzigo uhakikishwe. Baadaye vikaundwa vyama vidogo vya ushirika, vikaanza kupokea pamba ya wanachama. Bwana Bomani alipelekwa Uingereza kusoma katika Chuo cha Ushirika cha Loughborough. Aliporudi, vyama vile viliungana mwaka 1955 kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, naye akawa meneja wake mkuu. Miaka michache baadaye pamba ya jimbo zima ilikuwa ikiuzwa kwa njia ya ushirika.

Shirikisho halikutosheka na kununua tu. Lilipata na majineri, yaani viwanda vya kuchambua pamba. Huko pamba mbegu hutenganishwa: katika kilo tatu, hutoka kama kilo moja ya nyuzi, na sehemu kubwa ya zilizobaki ni mbegu za kukamulia mafuta. Tena nyuzi zenyewe si nguo bado. Lazima zisokotwe, zifumwe na kutiwa rangi. Zamani babu zetu walinunua merikani, kitambaa kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts kwa pamba iliyolimwa na watumwa kusini mwa Marekani, kikaja Unguja kwa merikebu na kufika bara kwa vichwa vya wapagazi. Kwa hiyo ilikuwa furaha kubwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kiwanda cha nguo cha MWATEX kilipoanza kazi Mwanza, na pamba ya Usukuma ikafumwa papo hapo Usukuma.

Wakati huo Bwana Bomani alikuwa serikalini. Mwaka 1962 alifanywa Waziri wa Fedha, na tangu mwaka 1972 alikuwa Balozi wetu huko Marekani kwa zaidi ya miaka kumi.

Si haki kusifu tu. Baada yake shirikisho lilipatwa na lawama za gharama nyingi na uongozi mbaya, na mwaka 1966 serikali iliunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. MWATEX nayo haikudumu katika nguvu zake. Mimi naona somo ni moja: mizani ikiwa ya mnunuzi au ikiwa yetu wenyewe, lazima awepo mtu wa kuisoma.

Sasa nieleze lile deni. Baba wa babu alipoanza kuuza katika chama, alipata karo, akampeleka babu shuleni. Babu ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kujua kusoma.

Mwaka jana nilikuwa sipendi hesabu. Binamu yangu yuko kwenye machimbo ya dhahabu, nami nilitamani kumfuata. Wakati wa likizo nikamsindikiza mama kuuza pamba. Karani alipima magunia manne, akaandika jumla. Nilijumlisha kimya kimya, nikaona kumi na moja zimepungua. Nikamwomba kwa adabu ajumlishe tena. Alijumlisha, akasahihisha, akaomba radhi. Sijui kama alikosea au alikusudia. Mama hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani, ndipo akamsimulia babu. Babu alicheka sana, kisha akanisimulia habari hizi zote.

Wanafunzi wenzangu, nimerudi shuleni, na somo la hesabu silikimbii tena. Nanyi wazazi wetu, mnapokwenda kuuza pamba, tuchukueni pamoja nanyi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu