Dexamenos, Fundi wa Vito

Nawaletea maisha ya mtu ambaye hakutawala wala kupigana vita. Huyu ni Dexamenos, fundi mashuhuri wa kuchonga mihuri ya vito huko Ugiriki ya kale, kati ya miaka ya 450 na 420 K.K. hivi.

Habari za ndoa yake au kifo chake hakuna aliyeziandika. Maisha yake tunayasoma katika vijiwe vinne tu alivyovitia jina, kila kimoja waweza kukifunika kwa kidole gumba! Mafundi wengi wa wakati wake hawakuandika majina, nao wamesahaulika kabisa.

Siku hizo muhuri ulikuwa ndio sahihi ya mtu, na pia kufuli la ghala lake. Sasa, akiki ni ngumu, chuma peke yake hakiikwangui. Fundi alizungusha keke, na ncha yake akaipaka mafuta na unga wa jiwe gumu sana kutoka kisiwa cha Naxos. Unga huo ndio uliokata. Tena picha ilichongwa kinyume, kama herufi za mhuri wa ofisi ya shule, ili ikigandamizwa kwenye udongo itokee sawa. Ukikosea, basi, hakuna kufuta.

Jiwe moja, liko Cambridge, Uingereza, lina bibi aliyeketi na mtumishi wake amemshikia kioo. Jina la bibi ni Mike (msicheke, kwao lilikuwa la kike). Jingine liko Boston, Marekani: ni yaspi ya manjano yenye mabaka mekundu, na juu yake uso wa mzee mwenye ndevu. Wachongaji wa Kigiriki walizoea kuchonga nyuso zisizo na dosari, lakini huyu ni mtu hasa, ungekutana naye ungemtambua.

Mawili yaliyobaki yako Hermitage, Urusi, nayo yana korongo. Mmoja amesimama na panzi karibu yake. Wa pili, ninayempenda zaidi, anaruka, shingo na miguu ameinyoosha. Huyo alichimbuliwa kaburini karibu na Kerch, kwenye Bahari Nyeusi, mbali sana na kwao fundi. Na ni kwenye jiwe hilo peke yake Dexamenos aliongeza neno moja, kwamba yeye ni mtu wa Chios. Asingeliongeza, hata kisiwa chake tusingekijua.