Malaika unaujua, lakini Fadhili William je?

Jumamosi moja nilialikwa kwenye ruracio hapa Murera, kwa jirani. Unajua mambo huwa vipi: hema mbili, viti vya plastiki, mukimo kwenye sufuria kubwa, wazee wamejifungia ndani wanaongea mambo ya mbuzi, na sisi vijana tuko nje tunangoja chakula. DJ akaweka Malaika. Kina mama wakainuka, wakashikana mikono, wakacheza polepole macho yamefungwa. Msichana mwenye siku yake akafuta chozi. Kila mtu aliona huo ni wimbo wa sherehe.

Mimi nilibaki nimekaa, nacheka peke yangu. Kwa sababu ukisikiza maneno vizuri, utagundua kijana anayeimba hajafika kwenye hema lolote. Amempenda msichana lakini mfuko ni mtupu, mahari hana, na ndoa basi haipo. Yaani tulikuwa tunasherehekea mahari kwa wimbo wa mtu aliyeshindwa kulipa mahari!

Wimbo huo umezunguka dunia mzima mzima. Jamaa aliyeurekodi wa kwanza ni Mkenya, na wengi wetu tulio chini ya miaka 30 hatumjui hata kwa sura. Basi kaa hapo nikusimulie, maana kuna kitu ndani ya maisha yake kinachokuhusu wewe unayerekodi ngoma kwenye simu usiku.

Jina lake ni Fadhili William Mdawida. Alizaliwa mwaka wa 1938 upande wa Taita Taveta, na hilo jina la mwisho linakuambia kwao, kwa sababu Mdawida ni Mtaita. Muziki haukuwa mgeni nyumbani. Baba yake pia alikuwa mwanamuziki, ila alifariki Fadhili akiwa bado mdogo. Kijana alisoma mpaka sekondari, halafu akaacha kabla ya kumaliza, akafuata gitaa. Mimi niliyetoka chuo bila cheti siwezi kukudanganya: hapo nilitabasamu. Lakini usiharakishe kusema ndiyo hiyo, shule si lazima. Ngoja tufike mwisho kwanza.

Fikiria Nairobi ya wakati ule. Mwaka wa 1952 serikali ya mkoloni ilitangaza hali ya hatari, na ilidumu hadi 1960. Mwafrika hakutembea mjini anavyotaka, ilibidi awe na karatasi. Na bado, katikati ya hayo yote, studio zilikuwa zinafunguliwa, magitaa yanalia na santuri zinauzwa. Watu walikuwa wanapendana, wanaachana, wanatafuta pesa za mahari. Nyimbo tunazoziita zilizopendwa, zile mzee wako huongezea sauti kwenye redio Jumapili, nyingi zina mizizi kwenye miaka hiyo na ile iliyofuata.

Karibu mwaka wa 1960 Fadhili aliingia studio na kikundi chake, Jambo Boys, wakarekodi Malaika. Miaka michache baadaye, Kenya ikielekea kupata uhuru, akaurekodi tena na Equator Sound Band. Hii ilikuwa bendi ya studio ya Equator Sound, ambayo mwenyewe alikuwa mzungu kwa jina Charles Worrod. Ukiangalia majina yaliyopitia kwenye hiyo bendi utashangaa. Kulikuwa na Daudi Kabaka, mfalme wa twist. Kulikuwa na Nashil Pichen na Peter Tsotsi, waliotoka nchi ambayo leo ni Zambia. Kulikuwa na Gabriel Omolo, yule aliyekuja kutuchekesha na Lunch Time. Ni kama leo uchukue wasanii wote wakali wa Nairobi uwaweke chini ya paa moja.

Sasa, wakati wenzake wanachangamsha watu kwa twist, Fadhili alikuwa na kipaji kingine, cha kutulia. Ukiweka ile rekodi yake leo utasikia hakuna kelele. Gitaa linakwenda taratibu, sauti iko karibu na sikio lako, mtu anaimba kama anayeongea na msichana mmoja tu, usiku, watu wengine wamelala. Wazungu wana muziki wao wanaouita soft rock, ule wa gitaa la upole na maneno ya moyoni, ambao mama yako anaupenda kwenye redio za usiku. Sisi wa hapa tulikuwa na mtu wa aina hiyo mapema kabisa. Tatizo ni kwamba hatukumweka kwenye hilo kabati, tulimtupa kwenye zilizopendwa tukafunga mlango.

Halafu wimbo ukapanda ndege. Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuchukua, akauimba na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya mwaka wa 1965, na hiyo albamu ikashinda Grammy mwaka uliofuata. Mwaka wa 1967 bendi ya Hep Stars ya Sweden ikauimba ukawa moto kwao. Kwenye kinanda cha Hep Stars alikuwa kijana anaitwa Benny Andersson, ambaye baadaye aliunda ABBA na wenzake. Ndiyo, ABBA hao hao wa Dancing Queen. Mwaka wa 1981 Boney M nao wakautoa. Angélique Kidjo wa Benin ameuimba pia. Na ukienda hoteli yoyote ya Pwani ukutane na bendi inayowachezea watalii, haimalizi usiku bila Malaika.

Hapo unajiuliza swali ambalo kila mtu wa Murera angeuliza: na pesa je?

Kabla ya pesa, kuna swali gumu zaidi. Nani aliutunga?

Fadhili alisema ni wake. Lakini kuna mzee mwingine kutoka Tanzania, Adam Salim, aliyezaliwa mwaka wa 1916 na aliyeishi Nairobi miaka ya 40. Yeye alisema aliutunga mwaka wa 1945 au hapo karibu, wakati Fadhili alikuwa mtoto wa miaka 7. Kwa maelezo yake, alimpenda msichana anaitwa Halima, wazazi wakamkataa kwa sababu hakuwa na mali, na msichana akaozwa mtu mwenye uwezo. Kuna wengine pia waliotajwa, kama Lucas Tututu wa Mombasa na Grant Charo. Kila mmoja ana watu wake wanaomtetea hadi leo.

Mimi nilipoanza kusoma habari hizi nilitaka sana Fadhili ashinde. Ni Mkenya, ni mtu aliyeacha shule, ni shujaa wa kuandikwa. Lakini ukweli haufanyi kazi hivyo. Kinachojulikana bila ubishi ni kwamba sauti ya kwanza kwenye santuri ni ya Fadhili, na ndiye aliyeifanya dunia iusikie. Nani alikaa chini na gitaa akatafuta yale maneno mara ya kwanza, hapo watu hawajakubaliana. Na ukifikiria vizuri, haya yote mawili yanaweza kuwa kweli. Zamani wimbo ulitembea kwa mdomo. Mtu aliusikia kwenye harusi, akaubadilisha kidogo, akaongeza ubeti, akaupeleka mtaa mwingine. Anayekuja kuurekodi anaweza kuamini kabisa ni wake, kwa sababu ameubeba miaka mingi na ameupa sura mpya. Na aliyeuanzisha anausikia redioni, anashika kichwa.

Karatasi ndiyo ingeamua, na karatasi haikuwepo. Kenya yenyewe ilipitisha sheria yake ya hakimiliki mwaka wa 1966. Kufikia hapo Malaika ulikuwa umerekodiwa mara mbili hapa nyumbani na tayari Makeba ameupeleka Marekani. Shirika la kukusanya mirabaha ya wanamuziki, MCSK, lilikuja miaka ya 80. Kwa hivyo wimbo ulitoka nje ya boma miaka mingi kabla ya fundi kuleta lango. Na haukuwa peke yake. Helule Helule wa Daudi Kabaka ulichukuliwa na bendi ya Uingereza, The Tremeloes, ukaingia kwenye chati za kule mwaka wa 1968. Muulize mtu yeyote pale steji ya Ruiru kama anajua hilo. Atakuambia unamdanganya.

Fadhili hakukaa tu akingoja Malaika umlishe. Alitoa nyimbo nyingine, kama Taxi Driver, na alipigania jina lake liheshimiwe kama mtunzi. Miaka ya 80 alihamia Marekani, akaishi New Jersey miaka mingi. Nikifikiria hiyo picha huwa nanyamaza. Mtu yuko kwenye baridi ya ugenini, katika nchi ambayo albamu yenye wimbo wake ilishapata Grammy kwa sauti za wengine, na akipita barabarani hakuna anayemgeuzia shingo. Alirudi nyumbani mwishoni mwa miaka ya 90, afya si nzuri. Tarehe 11 Februari 2001 akafariki akiwa na miaka 62. Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, Daudi Kabaka naye akaenda. Sauti mbili za bendi moja ndani ya mwaka mmoja.

Hakuacha utajiri unaofanana na umbali ambao wimbo ulisafiri. Kijana wa kwenye wimbo alikosa mali ya kumwoa mpenzi wake, na wimbo wenyewe ukaja kuwa kama yule msichana: kila mtu anaupenda, kila mtu anacheza nao, na aliyeupenda wa kwanza amesimama nje ya hema.

Sasa nikuambie kwa nini hii hadithi haikunitoka kichwani baada ya ile ruracio.

Miaka mitatu iliyopita mimi na rafiki yangu tulirekodi ngoma kwenye bedsitter yake. Godoro tumeliegemeza ukutani lizuie mwangwi, maikrofoni ya kuazima, laptopu inazimika kila baada ya saa moja. Kiitikio kiliandikwa na mimi, ndivyo ninavyokumbuka. Ngoma ilipotoka ikaanza kuchezwa kwenye matatu za hapa, na jina langu halikuwepo popote. Nilikasirika, tukaacha kusalimiana. Nilimwambia kila mtu nimeibiwa.

Juzi, baada ya kusoma habari za Fadhili na Adam Salim, niliketi nikajaribu kukumbuka ule usiku vizuri. Na nikakumbuka kwamba kabla sijaandika neno lolote, jamaa alikuwa anapiga mluzi, na mluzi wenyewe ulikuwa tuni ile ile. Maneno yangu yaliingia juu ya mluzi wake. Je, kiitikio ni cha nani? Kusema ukweli, ni chetu sote wawili, na kila mmoja alikuwa na uhakika ni chake pekee. Hakuna aliyekuwa mwizi. Tulikosa tu kuandika.

Nilimpigia simu. Hakushika mara ya kwanza. Mara ya pili alishika, tukakutana kwa kibanda cha chapo, tukachukua karatasi ya kawaida, tukaandika majina mawili, tarehe, na nani alifanya nini. Sahihi mbili chini. Ilichukua dakika 10 na chai moja moja. Hiyo ngoma haijatupa hata nauli ya kwenda Thika na kurudi, lakini sasa ikileta, tunajua tutagawana vipi.

Kwa hivyo msomaji wangu, sitakuambia uache kucheza Malaika kwenye ruracio ya dadako. Cheza, tena sana. Ila ukifika nyumbani angalia ile folda ya sauti kwenye simu yako, zile rekodi za usiku zinazoitwa mpya 1, mpya 2, mpya ya mwisho kabisa. Mliokuwa chumbani mlikuwa wangapi? Waandike leo, wangali wanashika simu zako. Kisha mpeleke kazi ikasajiliwe, KECOBO wapo kwa sababu hiyo. Hili halihitaji cheti cha chuo, na mimi ni shahidi.

Halafu weka ile rekodi ya Fadhili mwenyewe, ile ya zamani yenye mikwaruzo. Zima taa, sikiza gitaa linavyoingia. Safari hii, kabla hujaanza kuimba naye, taja jina lake kwanza. Na la Adam Salim pia.